Chumba cha Alhamisi

Nikipita hospitalini siku hizi na kukuta kile chumba kimegeuzwa stoo ya magodoro, roho inaniuma. Mafaili sasa yanatumwa kwenye kompyuta, kila mtu na lake. Mimi nimezeekea mle ndani, kila Alhamisi saa nne asubuhi, tukiwa wanne kwenye meza inayoyumba, tukipitia kesi za watoto walioumizwa: daktari wa watoto, mwendesha mashtaka, mama wa ustawi wa jamii, na mimi mpelelezi mwenye kichwa kigumu.

Daktari ndiye aliyetuwekea sharti: husomi faili lako. Unasoma la mwenzako kwa sauti, na usipoelewa unasimama. Mwanzoni nilinuna. Miaka ishirini kazini, leo nisomewe maandishi yangu na mvaa koti jeupe? Tena mwandiko wake mwenyewe ungedhani kuku amepita.

Alhamisi moja tulikuwa na mtoto wa miezi saba, damu imevilia ndani ya fuvu, nje hana hata mchubuko. Baba yake alisema dada wa kazi alimtikisa kwa hasira asubuhi. Nilimwamini. Dada alikuwa na siku ya tisa mahabusu, na nilitaka afikishwe mahakamani siku hiyo hiyo.

Daktari akasoma faili langu: dada alitoka nyumbani saa tano, akamwacha mtoto na baba yake, akakaa kwa fundi cherehani hadi saa tisa. Mtoto akashikwa na degedege saa nane.

"Hilo halimsaidii," nikamkata kauli. "Alimuumiza kabla hajatoka."

"Haya, afande, soma langu."

Nikasoma, nikikwama kila mstari. Bibi wa mtoto alimwambia muuguzi kwamba alipita pale saa sita, akampa mjukuu wake chupa ya maziwa, mtoto akaimaliza yote, wakacheza na kucheka mpaka saa saba alipomrudishia baba yake. Nikasimama.

"Mtoto aliyeumizwa hivi asubuhi anaweza kumaliza chupa na kucheka?"

"Kwa jeraha hili, hapana," daktari akasema.

Mwendesha mashtaka akafunga kalamu yake. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo ninalolikumbuka kwa upendo kuliko yote. Mama wa ustawi alinimiminia chai tu. "Kunywa, kaka yangu, halafu tuanze upya." Tukaanza upya, wote wanne, na miezi kadhaa baadaye baba akatiwa hatiani kwa ushahidi ambao hata mmoja wetu asingeupata peke yake.

Lakini mchana wa Alhamisi ile ile nilikwenda mwenyewe kumfungulia dada mlango. Nilijua atanitukana, na nilistahili. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumwomba radhi. Akatoka akishikilia ukuta, akaniuliza jambo moja tu.

"Mtoto yuko hai?"

Nilikuwa nimemhoji mara sita. Sikuwa nimemwambia.