Kizuizi cha Shemeji Ronny

Shemeji yangu Ronny huchagua kila kitu kwa kuangalia kile ambacho watu wengi wamekwisha kukichagua, kisha hukitangaza kana kwamba amekivumbua yeye. Ana kibanda cha kutengeneza simu mjini Kisii, na kwa sababu hiyo ukoo wetu wote wa Kiogoro umemkabidhi kompyuta zake, kama watu wanavyomkabidhi kinyozi vichwa vyao bila kumuuliza alijifunzia wapi.

Binti yangu Lorna ana kifafa. Kilimwanza akiwa chuoni, na tangu aanze kumeza dawa kila asubuhi hajaanguka tena. Tuliojua ni yeye, mimi na baba yake. Baadaye alimwambia Omosa, mwalimu wa Kenyenya aliyetaka kumwoa, na Omosa akasema kwamba hilo halibadilishi kitu. Alikuwa amebaki mama yake Omosa. Lorna hakutaka kumficha. Alitaka kumwambia kwa kinywa chake mwenyewe, siku ambayo angekwenda kumsalimu.

Matangazo hayakuwa na subira hiyo. Lorna alipotafuta bei ya dawa zake kwenye kompyuta, dawa hizo zilianza kumfuata kila alikokwenda. Ukifungua habari za bonasi ya majani chai, kifafa kiko pembeni. Ukitafuta namna ya kuzuia ugonjwa wa migomba, kifafa kinakusubiri chini ya ukurasa. Kwa hiyo mimi na yeye tuliketi tukachagua programu ya kuzuia matangazo. Kila programu ya namna hiyo hulazimika kuusoma ukurasa ili iondoe tangazo. Swali ni inapeleka wapi ilichokisoma. Tulichagua moja ambayo haikuuliza jina wala barua pepe, ambayo haikupokea malipo kutoka kwa wenye matangazo, na ambayo ilieleza kwamba ilichosoma hakitoki nje ya kompyuta. Kwa majuma kadhaa tulipumua.

Ndipo Ronny akaja kututembelea, akaifungua kompyuta bila kuombwa.

“Hiki kitu mlikitoa wapi?” aliuliza. “Hakina hata picha nzuri.”

“Hakiulizi jina la mtu, baba mdogo,” Lorna alijibu.

“Tumieni Ngao Dhahabu. Ina watumiaji milioni kumi. Milioni kumi wote ni wajinga, wewe peke yako hapa Kiogoro ndiye umeamka?”

Alikuwa amekwisha kuiweka. Niliyasoma masharti yake kwenye kioo, neno kwa neno, jinsi tulivyofundishwa katika darasa la watu wazima.

“Shemeji, hapa pameandikwa kwamba itawapa habari zetu washirika wake waaminifu. Hao ni akina nani?”

“Mama Lorna, hayo ni maneno ya mawakili. Hakuna mtu huyasoma.”

“Mimi nimeyasoma.”

“Ndiyo maana chai imepoa.” Alicheka peke yake. “Kwani mna nini cha kuficha?”

Swali hilo huulizwa na watu ambao hawajawahi kuwa na jambo lolote la kutunza. Lorna aliinamisha macho. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima inayomzuia mtoto kuzungumzia mwili wake mbele ya ndugu ya baba yake. Asingeweza kumweleza sababu, na bila sababu asingeweza kumkatalia baba mdogo katika nyumba ya kaka yake. Ngao Dhahabu ikabaki. Kila alipopita, Ronny aliitazama kama mtu anayekagua ng’ombe wake, nasi tukakubaliana tuitoe baada ya ugeni wa akina Omosa kutoka Kenyenya. Hata sasa ninauona uamuzi huo kuwa wa kipumbavu, lakini ndivyo tulivyofanya.

Mgeni wa kwanza kutoka huko alikuwa esigani, yaani mtu anayetumwa kuchunguza nyumba ya msichana kabla ya mahari kutajwa. Aliitwa Manasseh, ndugu ya mama yake Omosa. Alikula kuku wangu na ugali wa wimbi huku akiuliza babu ya mume wangu alikufa kwa nini, na kama dada zake mume wangu wote walizaa. Sikumpenda. Hata hivyo, aliuliza mbele yetu, nasi tulikuwa na uhuru wa kujibu au kunyamaza.

Ronny, aliyekuja kuongeza idadi ya wazee, aliona hasemeshwi. Manasseh alipolalamika kwamba simu yake inamsumbua kwa matangazo ya kamari, Ronny aliinuka, akaichukua kompyuta ya Lorna mezani, akaiweka mapajani.

“Mzee, sogea uone. Hapa kwetu tangazo haliingii.”

Alifungua ukurasa wa habari. Kweli ulikuwa mweupe kama sahani iliyooshwa. Akaushusha kidogo, na katikati pakatokea kisanduku chenye ngao ya rangi ya dhahabu. Manasseh alivaa miwani akasoma kwa sauti:

“Limechaguliwa kwa ajili yako na Ngao Dhahabu. Unaishi na kifafa? Agiza dawa zako leo.”

Ndipo nilipoelewa biashara ya kampuni ile. Ilikuwa imewafukuza wauzaji wote langoni ili iwauzie ruhusa ya kuingia, na chambo cha kuwavutia kilikuwa ni siri zetu.

“Nani hapa ana kifafa?” Manasseh aliuliza.

“Hayo ni ya kubahatisha tu,” Ronny alisema. “Hutumwa kwa kila mtu.”

“Mimi hutumiwa ya kamari. Nami hucheza.” Manasseh alivua miwani. “Kompyuta ni ya nani?”

Mtu aliyekuwa na jibu kwa kila jambo alitazama paa, akatazama sahani yake, kisha akasema, “Ya Lorna.”

Lorna alikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa. Aliliweka chini.

“Ni yangu, baba. Na ugonjwa ni wangu.”

Manasseh aliichukua kofia yake. “Basi nitafikisha habari.”

“Nitafikisha mwenyewe,” Lorna alisema, akatoa simu.

Alimpigia mama yake Omosa pale pale, amesimama.

“Mama, ni Lorna wa Kiogoro. Kuna jambo nililotaka kukuambia nikiwa mbele yako. Ndugu yako yuko hapa, amelisoma kwenye kompyuta, nami sitaki ulisikie kwake kwanza. Nina kifafa.”

Alisikiliza, kisha akajibu.

“Ndiyo, mama. Kila asubuhi. Omosa anajua. Hapana, mama, nilikuwa ninaisubiri siku ya kuja kukusalimu.” Kisha akampa Manasseh simu. “Anakuita.”

Manasseh aliitikia, “Ndiyo, dada,” mara nyingi kuliko nilivyodhani mwanamume mwenye kofia ile angeweza. Aliporudisha simu, aliketi.

“Anasema Lorna aende kama walivyopanga, amweleze yaliyobaki,” alisema. “Mimi anasema nimalize kula, nirudi nimenyamaza.”

“Umemsikia,” nilimwambia, nikamwongezea mchuzi.

Ronny naye aliisogeza sahani yake aongezewe. Niliichukua kompyuta mapajani pake, nikampa Lorna, kisha nikakifunika chungu.