Fundo la Tatu

Kamba ya Mwenyekiti Ildefonce ilikuwa ya katani, na ilikuwa na mafundo mawili. La kwanza alilifunga mwaka ule nyumba za wanakijiji mlimani zilipovunjwa wakahamishiwa kando ya barabara ya Nyakahura. Lilionyesha kipande cha mtu mmoja kwa siku katika shamba la pamba la kijiji. La pili, hatua ishirini mbele, alilifunga kwa sababu ya Marsiana.

Siku hiyo Marsiana alimaliza palizi kabla ya saa nne, hakupumzika hata mara moja. Mwenyekiti alitazama, akacheka.

"Kumbe inawezekana!"

Kesho yake kijiji kizima kilipalilia hadi fundo la pili.

"Mama yako Marsiana na mgongo wake wa chuma," Zita alimwambia Adelfina asubuhi hii, ameshika tumbo lake la miezi minane. "Mngekuwa wavivu kidogo tungewapenda."

Adelfina aliinamia jembe lake. Kwao sheria ilikuwa moja: ukiinama mwanzo wa mstari, unainuka mwisho wake. Alipokuwa na miaka saba alinyoosha mgongo katikati, mama yake akamrudisha mwanzo, apalilie tena udongo usio na jani hata moja. Kaka yake Privatus alilelewa hivyo hivyo. Sasa alikuwa vitani, na katika barua yake pekee aliandika: "Mwambieni mama bado sijanyoosha mgongo."

Leo mama alikuwa anatetemeka. Homa siku ya tatu. Uji aliutapika nyuma ya nyumba, akaufukia kwa mguu.

"Mama, twende zahanati."

"Nikimaliza."

Bila cheti cha mwenyekiti hakuna aliyeondoka shambani. Adelfina aliweka jembe chini akamfuata mwenyekiti pale alipokaa, juu ya kibebeo cha baiskeli yake.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Mbona umeacha jembe?"

"Mama anaumwa. Naomba cheti."

Mwenyekiti alipaza sauti. "Mama Privatus! Binti yako anasema unaumwa. Ni kweli?"

Marsiana hakuinua kichwa.

"Mimi mzima, mwenyekiti."

"Umesikia? Kaka yako yuko mbele na bunduki, wewe unamfundisha mama yako kutega kazi!"

Watu wachache walicheka, kwa kuwa yeye alikuwa anacheka. Adelfina alirudi kwenye mstari wake, masikio yakimwaka.

"Usiniaibishe tena," mama alisema, polepole, meno yakigongana.

Jua lilipanda. Marsiana alifika fundo la pili, akalipita. Hakuliona. Jembe lilipanda na kushuka, likakata magugu, likakata na miche ya pamba.

"Mama! Umelipita fundo! Mama!"

Hakusikia. Alizidi kuinama, mpaka paji la uso likagusa udongo, na jembe bado liko mkononi.

Mwenyekiti aliandika cheti hapo hapo, juu ya goti lake. Alitoa wanaume wanne na blanketi la kufungia machela. Wakaondoka mbio kuelekea zahanati, mkono wa Marsiana ukining'inia pembeni. Adelfina aliwafuata.

"Wewe! Kipande chako kimeisha?"

"Mwenyekiti, ni mama yangu."

"Na hawa wote wana mama zao. Wanne wanatosha kumbeba. Maliza, nitakuruhusu."

Alirudi. Hakujua kwa nini miguu yake ilitii. Aliinama, akashika jembe.

Nyuma yake mwenyekiti alihesabu hatua kutoka fundo la pili hadi pale udongo ulipobaki na alama ya paji la uso. Nane. Akavuta kamba hadi hapo.

"Ndugu wananchi! Mgonjwa amefika hapa. Nyie wazima mtaniambia nini?"

Zita alikuwa amepiga magoti, anang'oa magugu kwa mikono.

Adelfina alinyoosha mgongo. Katikati ya mstari.

"Inama, mdogo wangu," Zita alinong'ona. "Utatuponza."

Hakuinama. Mwenyekiti alikuwa bado hajamwona. Alikuwa amechuchumaa juu ya kamba, ameokota kitambaa cha kichwa cha Marsiana kilichobaki shambani, amekichana ukanda na kuufunga kambani kuwa alama, na ncha yake anaivuta kwa meno ili fundo la tatu likaze.