Neno la Mwenyekiti

Kama kuna mtu pale Mirongo aliyejua nani anasali na nani hasali, ni Wilhelmina. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, na hakuwahi kukosa sala ya Jumamosi, hata ile asubuhi aliyoamka jino limemvimbisha shavu mpaka jicho likafumba. Saa kumi na mbili kamili alikuwa ameketi, kitenge kimenyooka, rozari mkononi, macho mlangoni. Na ungemuuliza kwa nini macho yako mlangoni badala ya msalabani, angekuona mkorofi.

Mgeni huenda asielewe uzito wa kiti hicho. Mkatoliki akifa, paroko hawezi kumjua kila mtu. Humuuliza katekista, na katekista humuuliza mwenyekiti: huyu alikuwa anasali na wenzake? Mwenyekiti akisema ndiyo, marehemu anapata sala, nyimbo na maji ya baraka. Akisema hapana, ndugu wanajizikia wenyewe. Sasa fikiria mtu aliyepewa ufunguo wa namna hiyo, halafu akaupenda.

Mwaka jana alisema hapana kwa Mzee Chenge, aliyeacha kuja jumuiya alipoanza ulevi. Mjane wake alilia, wanawe wakanung'unika, Wilhelmina hakutikisika. Aliona amemtetea Mungu, kana kwamba Mungu alikuwa amekosa mtetezi.

Basi Alhamisi moja akafa Selina. Presha ilimwangusha sokoni mbele ya ndizi zake, hakufika hata hospitali. Alikuwa na miaka arobaini na moja, hana mume, hana mtoto, ana mama tu, Bibi Tereza aliyepinda mgongo. Ijumaa asubuhi Bibi Tereza akabisha hodi kwa Wilhelmina, akakataa kiti.

"Shikamoo, mama," Wilhelmina alisema. "Pole na msiba."

"Marahaba. Tunamzika kesho saa nane, kiwanjani kwetu Buhongwa. Naomba neno lako kwa katekista."

"Mama, nitasema nini mimi? Selina miaka mitatu hajakanyaga jumuiya. Nilimtumia watu, nikamwendea mwenyewe. Anacheka tu, 'nitakuja, mama, nitakuja.' Nilishamwambia katekista jana hiyo hiyo kwamba hatumtambui. Nikimsemea uongo leo, nitamjibu nini Mungu?"

Bibi Tereza hakulia wala hakubembeleza. "Nenda nyuma ya lile duka la marehemu Kanubhai," alisema. "Mwulize mjane wake, Jumamosi mwanangu alikuwa wapi."

Wilhelmina alikwenda. Usidhani alikwenda kwa huruma; alikwenda ili kesho mtu asije akamwambia hakuuliza.

Duka lilikuwa limefungwa miaka mingi. Nyuma yake kulikuwa na chumba kimoja, na mlangoni harufu ya mkojo ilimpokea kabla ya mtu yeyote. Kitandani alilala Champaben, mjane mwembamba wa Kihindi aliyepooza upande wa kulia. Alimtazama mgeni, kisha akatazama nyuma yake kama anayetafuta mtu mwingine.

"Selina iko wapi? Leo asubuhi hapana kuja."

Wilhelmina aliuliza la kwake: Selina alikuwa akifanya nini hapa?

"Zamani ilikuwa mfanyakazi yangu. Watoto yangu iko mbali, pesa ikaisha. Nikamwambia, Selina, nenda. Hapana kuenda." Champaben alipumzika kidogo kuvuta pumzi. "Kila asubuhi kabla ya soko anaosha mimi, anasali. Mimi si dini yake, lakini sala yake najua yote. Salamu Maria kumi, ananilaza ubavu huu. Kumi tena, ubavu ule. Tazama mgongo yangu, hakuna kidonda hata moja. Na Jumamosi anaomba msamaha. Anasema, Mungu, leo wenzangu wamekutana, mimi nimebaki na huyu mama yako, usinihesabu mtoro."

Miaka kumi na tisa ya rozari, na hakuna siku hata moja sala ya Wilhelmina ilikuwa imemgeuza mtu ubavu.

"Amefariki, mama," alisema hatimaye. "Jana, pale sokoni."

Champaben aligeuza uso ukutani. Alilia kwa lugha yake kwanza, kisha, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, akaanza Salamu Maria. Alipofika nusu, pale ambapo mwenzake huitikia, akanyamaza kungoja. Rozari ilikuwa mfukoni mwa Wilhelmina. Alitaka kuitikia, Mungu ni shahidi, lakini aliona aibu kusali mbele ya mtu anayesali kweli. Akamsogezea kikombe cha maji, akatoka, akamwacha amelowa vile vile.

Alikwenda moja kwa moja kwa katekista Revocatus, akamweleza yote, machozi yakimchuruzika. Revocatus alisikiliza mpaka mwisho.

"Paroko yuko visiwani mpaka Jumatatu, ameniachia mimi," alisema. "Lakini neno lako limeshasambaa, mama. Mtaa mzima unajua umekataa. Nikimzika kimya kimya, watasema nimehongwa. Wewe simama kesho kaburini, mbele yao, useme ulikosea. Basi, hilo tu. Kanzu yangu itakuwa kwenye mfuko, nitaivaa pale pale."

"Nitasema," Wilhelmina alijibu, na wakati ule alikusudia kwa moyo wote.

Jumamosi saa nane jua lilikuwa kali kule Buhongwa. Jeneza lilikuwa la mbao nyepesi, lisilopakwa rangi. Wanajumuiya walikuwa wamekuja, maana mazishi hayasusiwi, lakini walisimama pembeni kama wageni, wakimtazama mwenyekiti wao. Revocatus alisimama karibu na udongo, mfuko wa kanzu mkononi. Alimtazama Wilhelmina mara moja, akamwashiria kwa kichwa taratibu, kama kumwambia: sasa.

Wilhelmina akapiga hatua mbili mbele. Alifungua kinywa, na hapo ndipo alipomwona mjane wa Mzee Chenge, amesimama ng'ambo ya shimo na wanawe wawili.

Akisema alikosea kwa Selina, je, kwa Chenge? Nani alimwendea Chenge nyumbani kumuuliza pombe ilianzia wapi? Na kabla ya Chenge walikuwapo wengine watano. Neno moja lingewafukua wote, na yeye angebaki nani pale Mirongo? Mama tu, kama mama yeyote. Akajiambia, ngoja washushe jeneza kwanza. Wakashusha. Akajiambia, ngoja mama yake atupe udongo. Bibi Tereza akainama, akatupa udongo, kisha akaanzisha wimbo kwa sauti yake ya kizee. Wanajumuiya waliujua wimbo ule kuliko majina ya watoto wao, lakini macho yote yalikuwa kwa mwenyekiti, wakingoja ruhusa. Bibi akaimba ubeti wa kwanza peke yake, akaanza wa pili, sauti ikamkatika.

Makoleo yakaanza kazi. Revocatus alingoja mpaka shimo likawa tuta, kisha akauweka mfuko kwapani, akaenda zake. Wilhelmina alikuwa bado amesimama kinywa wazi, na waliomwona walidhani ni joto.

Jumamosi iliyofuata sala ilikuwa nyumbani kwake, na nyumba ilijaa. Walikuja vijana wa bodaboda, walikuja walevi wamenawa nyuso, wakaja hata wasiojua Baba Yetu inaishia wapi. Mjane wa Chenge na wanawe waliketi mstari wa mbele. Waliokosa nafasi walisimama uani. Revocatus, bila kumtazama usoni, akamwambia kwamba paroko amepata habari za msimamo wake na amefurahi. Anataka jumuiya nyingine zijifunze kwake. Wilhelmina akazipitia nyuso zile moja moja. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ajili ya Mungu. Walikuwa wamekuja kwake yeye, kwa hofu ya kuzikwa kama mbwa.

Wa mwisho kuingia alikuwa Bibi Tereza, anahema. Watu wakampisha, akaja mpaka mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja, mwenyekiti. Na mimi ni mzee, siku yangu siijui. Umeniona?"

"Nimekuona, mama." Akainama, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Na yule bibi wa Kihindi? Nani yuko naye saa hizi?"

"Hakuna mtu," Bibi Tereza alisema. "Wiki nzima nimemwosha mimi. Leo ni Jumamosi."

Akaketi. Watu wote walikuwa wanangoja. Wilhelmina akafanya ishara ya msalaba, na nyumba nzima ikaitikia amina.