Safina Isiyopita Mlangoni

Mimi ni fundi cherehani, na mkanda wa kupimia haushuki shingoni mwangu ila nikienda kuoga. Nalisema hilo mapema ili mjue uchungu wa yaliyonipata.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndiye kiongozi wa kwaya kanisani kwetu. Niliishonea kwaya yake majoho mapya. Siku ya kuyavaa, waimbaji walipotaka kuinua mikono wamsifu Mungu, mikono ikagoma kupita mabega. Wifi akasema mbele ya watu wote, "Huyu fundi alipima kwa macho!" Kwa macho! Mimi! Nikamjibu kwamba majoho yako sawa kabisa, ila kwaya imenenepa tangu niipime. Kuanzia siku hiyo tukawa hatuivi chungu kimoja. Tukikutana njiani, kila mmoja wetu anakumbuka ghafla kitu fulani mkobani mwake.

Aliyeumia ni binti yake. Tunamwita Kifungo, kwa sababu tangu anatambaa alikuwa akishinda chini ya meza yangu ya kazi, akichambua vifungo kwa rangi. Ugomvi ulipoanza, mama yake alimpiga marufuku kukanyaga dukani kwangu. Nikawa namwona Jumapili tu, maana mimi ndiye mwalimu wa shule ya Jumapili. Kila tukikutana ananiuliza, "Shangazi, wewe na mama mtapatana lini?"

"Muulize mama yako."

Nasikia mama yake naye humwambia, "Muulize shangazi yako." Mtoto akawa anazungushwa kama mtu anayefuatilia kibali ofisini. Iliniuma, sifichi, lakini mdomo wangu ulikuwa umeshanuna na haukujua pa kuanzia.

Basi tukafika kwenye habari za Nuhu. Mchungaji akaniomba watoto watengeneze kitu cha kuwaonyesha waumini. "Kitu kidogo tu," alisema. Neno "kidogo" sikulisikia. Nilikwenda duka la vyombo vya umeme nikaomba maboksi ya friji, yote waliyokuwa nayo, tukayajaza kwenye chumba cha watoto nyuma ya kanisa.

Kazi ikaanza. Gundi tulipika wenyewe, unga na maji, na aliyepewa mwiko alijiona waziri. Wanyama tuliwashona kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki dukani. Simba alipata manyoya ya nyuzi za sweta. Mamba alipata mdomo wa zipu, na watoto wakapigana vikumbo kwenda kumlisha vidole. Twiga mmoja shingo ilikataa kusimama, aliyemshona akatangaza kwamba amelala, asisumbuliwe. Safina yenyewe ilikuwa na paa, madirisha, na mlango wa boksi unaofunguka mbele. Nyuma tuliiacha wazi, na sakafu haikuwa nayo, watoto wapate kuibeba wakiwa ndani. Nilikuwa nikiitazama nafurahi peke yangu kama mwenda wazimu.

Kifungo alishona kobe wawili, migongo yao vifungo vya koti. Akawaweka wakipeana visogo.

"Mbona hawatazamani?" nikamuuliza.

"Wamenuniana. Lakini watapatana ndani ya safina, maana hakuna pa kwenda."

Nikajifanya natafuta mkasi.

Jumapili ikafika. Baada ya mahubiri waumini wote wakatoka, wakasimama uani. Kwaya ikajipanga mbele ya chumba chetu, tayari kuisindikiza safina hadi madhabahuni. Wimbo ukapaa, watoto wakainyanyua, safina ikaja kwa madaha mpaka mlangoni. Ikakwama.

Tukairudisha, tukaigeuza ubavu. Ikakwama. Tukaiinamisha, wanyama wakaporomoka, twiga akaendelea kulala. Mzee mmoja wa kanisa akashauri tuikate katikati, watoto wakapiga yowe akarudi nyuma mwenyewe. Wimbo ukafa. Nami nimesimama pale, mkanda shingoni! Nilipima kila boksi, nilipima hadi kiuno cha tembo. Mlango sikuupima.

Wifi akautazama mlango. Akaitazama safina. Akautazama mkanda.

"Fundi," akasema, "au mlango umekonda tangu uupime?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Hapo Kifungo akachungulia kutoka mlango wa safina. Yeye ndiye aliyekuwa Nuhu, ndevu za pamba hadi tumboni. "Mnacheka nini? Safina ya Nuhu haikuwafuata watu. Watu ndio walioifuata. Irudisheni ndani, halafu ingieni! Wawili wawili!"

Watoto wakairudisha kidogo, mlango wa safina ukakaa sawa na mlango wa chumba. Mchungaji na mkewe wakawa wa kwanza, wameinama, wanapita safinani na kutokea chumbani, na tukasikia mkewe akiamkiana na mamba. Waimbaji wakafuata, kisha wazee. Kijana mmoja alijipenyeza peke yake, Kifungo akamrudisha akatafute mwenzake. Kaka yangu alitaka kumsubiri mkewe. Binti yake akamkabidhi kwa mlinzi wa kanisa, wakaingia wameshikana mikono. Mimi nilikuwa na shughuli nyingi za kupanga foleni, hadi foleni ikaniishia. Uani tulibaki mimi na wifi.

"Mmoja mmoja inaruhusiwa?" nikauliza.

"Hairuhusiwi," akasema Nuhu.

"Basi mimi nabaki."

"Hata mimi," akasema wifi.

Kifungo akageuka nyuma, akapaza sauti: "Mvua!"

Watoto walikuwa kwenye dirisha la chumba na makopo ya kumwagilia maua. Maji yakatushukia, mimi na gauni langu jipya, yeye na nywele zake za kusukwa jana. Tukapiga kelele. Mmoja wetu akamshika mwenzake mkono, na mpaka leo tunabishana ni nani, tukakimbilia safinani tumeinama. Joho lake likanaswa pembeni mwa mlango, likapasuka kwapani.

Wifi akauinua mkono wake taratibu, juu kabisa, hadi ukagusa paa.

"Angalau sasa naweza kumsifu Mungu," akasema.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye akaanguka pembeni yangu, analia kwa kicheko, maji yanamchuruzika usoni.

"Kesho niletee yote niyapanue," nikamwambia nilipopata pumzi. "Na huyu mtoto uje naye. Vifungo vyangu vimechanganyikana vibaya."

Akataka kujibu, lakini mlango wa boksi ukafungwa, na nje yake tukamsikia Nuhu, aliyechoropoka tulipokuwa tukicheka, akiuegemea kwa mgongo.

"Hamtoki," akasema, "mpaka maji yakauke."

Upande wa nyuma ulikuwa wazi kabisa, na wote wawili tulijua. Hatukutoka.