Gari Lililomeza Shamba la Tala

Mativo alipopatwa na kiharusi, gari lake lilikuwa nyuma ya nyumba yao Komarock, limewekwa juu ya mawe, injini imefunguliwa na kutandazwa vipande vipande kwenye magunia. Lilikuwa gari la spoti la Kijerumani, la milango miwili, lililokaa chini karibu liguse ardhi. Aliuziwa na mwajiri wake alipokuwa akirudi kwao Ulaya. Mativo alikuwa ameendesha magari ya watu tangu ujana. Hili alitaka liwe lake.

Mkewe Kavinya hakulipenda hata siku moja. Alikuwa karani mjini, na kwa miaka alitazama mishahara ya wote wawili ikipotelea chini ya boneti. Pistoni ziliagizwa Ujerumani, ushuru ukazidi bei ya pistoni zenyewe. Kuta za nyumba zikabaki bila plasta. Mwishowe kipande chao cha shamba kule Tala kiliuzwa ili giaboksi inunuliwe, na Kavinya akahamia chumba cha binti yao Mbinya mpaka hasira ikapungua.

Kwa hiyo Muthama, mdogo wake Mativo, alipokuja na mnunuzi wa vyuma chakavu, alidhani atashukuriwa.

"Shemeji, huyu analipa leo leo," alisema. "Pesa ya mazoezi ya mkono wake uliopooza itapatikana, na wewe utapata pa kuanika nguo."

Mnunuzi alilizunguka gari, akagonga mlango kwa kidole, akataja bei. Kavinya alicheka, lakini si kwa furaha.

"Shamba letu la Tala liko ndani ya hii gari. Hiyo pesa haitoshi hata kununua uzio wake."

"Sasa nani ataimaliza?" Muthama aliuliza.

"Mimi."

Jumamosi alikwenda Eastleigh kwa Samatar, fundi aliyekuwa akimsaidia Mativo kazi nzito. Alimkuta amelala chini ya gari lake aina ya Probox.

"Mama Mbinya, nisikudanganye," Samatar alisema akitoka, akijipangusa grisi. "Mimi ni fundi wa magari ya Kijapani. Ile gari Mativo ndiye anaijua. Mimi nilikuwa mikono tu."

"Basi endelea kuwa mikono. Mdomo wake bado unafanya kazi."

Wakaanza Jumapili, baada ya kanisa. Mativo aliwekwa kwenye kiti karibu na gari, mkono wa kushoto umelala mapajani. Maneno yalimtoka polepole, yamevutika, nao walingoja mpaka yaishe. Siku za kwanza alikuwa na hasira. Samatar akikosea, alimrushia kikombe. Siku moja alijaribu kuinuka achukue spana, akashindwa, akalia mbele yao. Kavinya alimwacha alie. Kisha akamwekea boliti kwenye kiganja cha kulia.

"Hii inaingia wapi?"

Mativo aliitazama, akaifuta kwa kidole gumba. "Kwa pampu ya maji," alisema. "Ya chini."

Pesa za mazoezi ndizo zilizotengwa kwanza kila mwezi. Gari lilipata masalio. Kavinya alishona sare za shule jioni ili masalio yawepo. Viti vya gari alivishona mwenyewe, na ngozi ilimvunjia sindano nyingi.

Siku injini ilipowashwa, ilinguruma mpaka majirani wakatoka nje. Wakashangilia. Halafu moshi wa buluu ukajaa uani, na oili ikaanza kumwagika chini. Samatar alizima haraka.

"Sili ya nyuma haishiki oili," Mativo alisema. "Injini lazima ishuke yote."

Samatar aliweka spana chini. Kisha Mativo akamgeukia mkewe. "Mama Mbinya, tuache. Uza. Nimekuchosha."

Kavinya aliokota spana. "Samatar, tunaanza na boliti gani?"

Walirudia kazi yote. Mara ya pili injini ilitulia, na chini pakabaki pakavu.

Hapo ndipo gharama za kuwa na gari hilo zilipojitokeza. Kampuni za bima zilimkwepa Kavinya. Matairi ya gari hayakuuzwa popote karibu. Matuta ya mtaani yalilikwaruza tumbo, ikabidi ajifunze kuyapanda kimshazari, polepole, watoto wakimpita kwa miguu. Kisha tajiri mmoja akapiga simu, akitaka kulinunua. Bei yake ilikuwa nzuri, ingawa haikufikia walichokitumia.

"Uza," Mativo alisema tena.

"Nitaamua tukirudi."

"Tukirudi wapi?"

"Tala."

Kavinya alikuwa amejifunza kuendesha kwa Probox ya Samatar, lakini gia za gari hili zilikuwa ngumu. Walipofika Njiru mkono wa kushoto wa Kavinya ulishindwa kuingiza gia. Giaboksi ikalia vibaya, na lori nyuma likapiga honi. Mativo, aliyeketi kushoto kwake, alinyoosha mkono wake mzima akashika gia.

"Kanyaga klachi."

Akakanyaga. Gia ikaingia bila kelele.

"Achia."

Wakaenda hivyo, miguu ya Kavinya na mkono wa Mativo, wakapita Ruai, wakapita Joska. Baada ya Malaa barabara ilifunguka. "Sasa ipe mafuta," Mativo alisema. Gari liliruka mbele, Kavinya akapiga kelele, na mumewe akacheka, mdomo umeenda upande. Kavinya alikuwa hajamsikia akicheka tangu augue.

Tala walisimama kando ya shamba. Mwenye shamba mpya alikuwa amepanda maharagwe, yamestawi.

"Nisamehe kwa hili," Mativo alisema.

"Bado nina hasira," Kavinya alijibu. "Lakini gari ni letu."

Jumatatu alimpigia tajiri simu akamwambia hauzi. Siku hizi maharusi wa Komarock na Kayole hulikodi kwa picha, na hela hiyo hununua matairi na bima. Haibakishi kingi. Plasta imefika sebuleni tu. Jumapili, barabara ikiwa tupu, Kavinya na Mativo huingia garini, yeye akakanyaga klachi na mumewe akatia gia.