Kiwavi Kwenye Mndimu wa Josepha

Mwaka ule filamu ilikuwa adimu kuliko sabuni, na sabuni yenyewe watu waliipangia foleni tangu alfajiri. Ndiyo maana wapiga picha wa Kariakoo walikuwa na sheria moja: filamu haioshwi mpaka picha zote kumi na mbili ziishe. Mteja apende asipende, asubiri.

Severine, mmoja wao, alimpiga mkewe Josepha picha ya kwanza ya filamu mpya, uani, kando ya mndimu wake. Wiki ileile malaria ikampanda Josepha kichwani, akafa. Picha yake nyingine haikuwepo. Ndiyo hivyo, kinyozi hajinyoi.

Mama mkwe, Theopista, akashuka kutoka Rombo, akakuta wameshazika. "Sirudi mikono mitupu," alisema. "Nataka uso wa mwanangu."

"Filamu ikiisha, mama."

Basi Severine akafunga studio. Akapiga picha yai dogo lililonata kwenye jani la mndimu. Likaanguliwa, akatoka kiwavi mweusi mwenye baka jeupe, ungedhani kinyesi cha ndege. Akanenepa, akawa kijani, akila majani ya marehemu bila haya. Kisha akajishikiza kwenye kijiti, akageuka ganda. Severine alipiga moja, akakaa siku tatu, akapiga nyingine. Halii, hacheki, chakula hakina ladha mdomoni. Majirani wakasema kachanganyikiwa. Wapi! Alikuwa anaiogopa ile picha ya kwanza, basi.

Asubuhi moja ganda likapasuka. Kipepeo akatoka, mbawa zimekunjamana kama nguo iliyokamuliwa. Severine akangoja zinyooke, akabonyeza ya kumi na mbili. Moyoni hakusikia kitu.

Akaosha filamu, akasafisha picha. Mama Theopista akaipokea ya Josepha kwa mikono miwili, akaitazama sana.

"Mbona amefumba macho?"

"Alipepesa, mama."

"Hukuona?"

"Niliona."

Aliona palepale siku ile, alipobonyeza. Josepha akaomba arudiwe, naye akamjibu, wee mwanamke, filamu hii ni ya wateja.

Mama Theopista akazipitia zile nyingine moja moja: yai, kiwavi, kiwavi, ganda, kipepeo.

"Mdudu umempiga kumi na moja," alisema, wala hakupandisha sauti. "Mwanangu ukamnyima ya pili."

Severine akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba mpya.