Boti ya Hoteli na Watanda Uduvi

"Jaketi kwanza, mzee," alisema Mwinshehe, mwendesha boti wa hoteli, akilinyoosha mbele kama kila siku, na kama kila siku hakuna aliyelipokea.

Mgeni wa leo alikuwa Ndugu Mrisho, mkubwa kutoka makao makuu ya shirika lililomiliki ile hoteli ya ufukweni, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Alitoka Dar asubuhi na gari la serikali kuja kukagua mradi, na ukaguzi wenyewe ulikuwa pweza wa nazi, bia nne za baridi, kisha boti. Mwaka huo kabwela alipanga foleni tangu alfajiri apate kilo mbili za unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, tena kwa bei iliyokwisha panda mara mbili tangu mfungo uishe. Jikoni mwa hoteli hakikukosekana kitu.

"Jaketi la nini? Mimi nimezaliwa ziwani, wewe utanifundisha maji? Sogea huko mbele. Leo naendesha mwenyewe."

"Samahani, mzee. Masharti ya chombo, mtu akishapata kidogo..."

"Nimepata nini?"

Mwinshehe akamtazama Meneja Martini aliyesimama mchangani na viatu mkononi. Meneja akamkunjia uso: nyamaza. Alikwisha mkanya mara nyingi kwamba masharti yake yanawaudhi wageni.

Na masharti yenyewe yalikuwa nini? Jaketi kabla ya kukaa. Mlevi haendeshi. Karibu na pwani, moto mdogo. Kabla ya kukata kona, geuka uangalie nyuma. Ukiona kichwa cha mtu majini, zima. Basi! Boti ilikuwa ndogo, ya faiba, ya watu wawili, na mashine ya kupachika nyuma. Ikitiwa moto ilinyanyua pua juu kiasi kwamba aliyeshika mkono wa mashine haoni kilicho mbele yake.

Na vichwa vilikuwapo. Maji yakianza kupwa, wanawake wa kijijini waliteremka kutanda uduvi, wawili wawili, wameshika ncha za khanga kuukuu, maji kiunoni, wakiikokota nguo taratibu kuelekea nchi kavu. Mtanda uduvi huinama akaangalia nguo yake. Bahari huipa mgongo. Miongoni mwao alikuwa Bi Kibibi, shangazi yake Mwinshehe, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Uduvi wa Bi Kibibi ndio uliomlisha na kumsomesha mpaka darasa la saba.

Boti ilizunguka mara mbili huko nje, salama. Mara ya tatu Ndugu Mrisho akaigeuza boti kuelekea pwani.

"Hebu tuwachangamshe hawa akina mama!" alisema akicheka.

"Mzee, punguza! Wale ni watu!"

"Si watasikia mlio wakimbie?"

Wakimbie! Mtu yumo majini mpaka kiunoni, ameshika nguo iliyojaa, akimbilie wapi? Mwenzake Bi Kibibi aliachia ncha yake akaruka kando, na khanga ikamzonga Bi Kibibi, mama wa watu, miguuni. Mwinshehe alimwona akiivuta, akiivuta, uso umemgeukia. Hakufikiri kazi wala mkubwa. Alitambaa mpaka nyuma, akaupamia mkono wa mashine kwa mikono miwili akausukuma wote. Boti ikapinda ghafla, ikalala ubavu. Ndugu Mrisho akachomoka humo akatua majini chubwi! Mwinshehe akazima mashine papo hapo.

"Nakufa! Jamani, nakufa!"

Bi Kibibi, akijinasua khanga miguuni, alimwambia, "Simama, baba. Maji ya kiunoni haya."

Akasimama. Tumbo nje, uduvi kichwani. Mmoja akashindwa kujizuia, kisha wote wakaangua kicheko, wengine huku machozi yanawatoka kwa hofu ile. Lo, kicheko kile! Laiti wangekimeza.

Alasiri waliitwa wote uani kwa hoteli, wakasimama juani. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Bwanausi, aliletewa kiti. Ndugu Mrisho alikaa kivulini, amekwisha badili nguo. Meneja Martini akasoma karatasi. Mwinshehe amefukuzwa kazi tangu leo, kwa kumshambulia kiongozi na kuhatarisha mali ya umma.

"Na sisi tuliokoswakoswa?" aliuliza Bi Kibibi.

"Ndiko nafikia, mama." Akageuza karatasi. "Pili, kwa ajili ya usalama, ni marufuku kutanda uduvi kuanzia mtoni mpaka mwisho wa ua wa hoteli. Atakayeonekana atapelekwa polisi."

"Usalama wa nani?" Mwinshehe alipaza sauti. "Kwa nini msiizuie boti? Mwambieni avae jaketi, apunguze moto, aangalie mbele. Hilo tu!"

"Wewe si mfanyakazi wa hapa," alisema Meneja. "Balozi, umesikia?"

Mzee Bwanausi alikohoa, akasema amesikia.

Kutoka mtoni mpaka mwisho wa ua ndipo penye mchanga laini. Kwingine kote ni mawe na matumbawe, khanga haikokoteki. Kila mwanamke pale uani alilijua hilo, na Meneja alilijua pia.

Njiani kurudi nyumbani hakuna aliyemsemesha Mwinshehe. Wanawake walitangulia na vikapu vyao vitupu. Akaharakisha mpaka akamfikia shangazi yake.

"Shangazi, ningefanyaje? Angekugonga yule."

"Ungemwacha apite."

"Shangazi!"

"Angemgonga mmoja, tungemzika, tukamsomea hitima, na wiki ya pili tungerudi baharini." Hakuwa na hasira. Alihamisha kikapu bega la pili, akaendelea kutembea. "Hata ningekuwa mimi, mwanangu."